Fenda Hufuata Tairi: mhadhara kwa mafundi wa bodi, Chang'ombe

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuvalisha fenda pana, yale mapaja ya bodi yanayofunika tairi, gari la spoti la zamani linalofufuliwa. Nashukuru tumekutana gerejini, maana gari lenyewe liko hapa nyuma yangu, na baadaye mtaligusa kwa mikono yenu.

Hii ni Datsun 240Z. Wazee waliokaa mbele hawahitaji kuelezwa. Kwenu vijana, mwaka 1971 gari la aina hii lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na safari hiyo alifungana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun. Ndiyo maana boneti hii ndefu ikipita barabarani, mtu mzima husimama akaitazama mpaka inapotelea.

Mwenye gari ameniletea fenda nne za faiba (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo) za muundo wa 240ZG. Kabla sijashika drili nilimkalisha chini tukazungumza, kwa sababu jina hilo lina habari yake. Nissan, ndio waundaji wa Datsun, walitoa 240ZG mwaka 1971 kwa soko la Japani. Pua yake ilirefushwa, na juu ya kila tairi pakafungwa fenda ya kuongezea kwa vifungio vinavyoonekana kwa nje. Upana wa bodi ukatoka milimita 1630 hadi 1690. Lengo lilikuwa mashindano: kipande hakikubaliki kwenye gari la mbio mpaka kiwepo kwenye gari linalouzwa dukani. Kwa hiyo vichwa vile vya vifungio vinavyoonekana ndiyo sura halisi ya fenda hii. Fundi akivifukia kwa puti, ule udongo wa kujazia bodi, ili bodi ionekane laini, ameshaharibu. Anayetaka ulaini atazame Porsche 911 Carrera RS ya 1973: pale nyuma bati lenyewe limepanuliwa likawa sehemu ya bodi, wala huoni kiungo. Ni ufundi mwingine, na nauheshimu, ila usiuchanganye na huu.

Na lile gari lililoshinda Safari mwaka 1971, jekundu lenye boneti nyeusi, halikuvaa fenda hizi. Kwenye tope la masika unataka tairi jembamba linalozama mpaka likute udongo mgumu. Tairi pana linaelea juu ya tope. Kwa hiyo ukipaka rangi za Safari halafu ukavalisha fenda za ZG, umeshona kanzu na suti kuwa nguo moja. Nilimwambia mwenye gari hivyo hivyo. Akachagua fenda, akaacha rangi za Safari. Tukakubaliana pia kwamba hatutabandika nembo ya ZG, kwa kuwa gari hili halikutoka kiwandani likiwa ZG. Atakayelinunua kesho ana haki ya kujua.

Sasa tuingie kwenye kazi. Fenda hufuata tairi. Wengi wetu tunaanza na fenda, tunaisimamisha kwenye bodi, tunaipenda, tunatoboa, halafu ndiyo tunatafuta rimu ya kujaza uwazi. Huko ni kuanza na mlango kabla ya nyumba.

Twende na hesabu. Rimu ya 240Z ilitoka kiwandani na upana wa inchi 4.5, kipenyo inchi 14. Tuseme unataka inchi 7. Umeongeza inchi 2.5, sawa na milimita 63.5. Kama uso wa kufungia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, haukuhama kutoka katikati ya rimu, nyongeza hiyo inagawanyika: karibu milimita 32 zinatoka nje na 32 zinaingia ndani. Kwa nje, fenda ya ZG inakupa 30 kila upande, basi mnakaribiana. Tatizo liko ndani. Gari hili limesimama juu ya shokapu ndefu za wima, mbele na nyuma, na springi yake imekaa juu karibu kabisa na tairi. Milimita 32 za kuelekea huko huna. Lazima rimu isogezwe nje, na ukiisogeza nje, fenda yako haitoshi tena. Mkae na karatasi na kalamu mpaka namba zikubali, kisha ongezeni tumbo la tairi lenyewe, maana ubavu wa tairi huwa unazidi ukingo wa rimu.

Kuna gari nililifanyia kazi miaka mingi iliyopita, nikapima likiwa limetulia hapa hapa kwenye sakafu. Lilipendeza sana. Mwenyewe akapakia watu wawili, akashika njia ya Bagamoyo, na kwenye bonde la kwanza ukingo wa bati ukachana ubavu wa tairi la nyuma. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Tangu siku ile sikati bati kabla sijatoa springi zote nne. Ukishatoa springi, pandisha gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa mwendo wake, mbele zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, ukipitisha vidole kati ya tairi na bati kila hatua. Mahali pa hatari zaidi mbele ni kona ya chini ya fenda, upande wa mlango. Pale vidole vikikwama, tairi nalo litakwama.

Kukata. Fenda ya nyuma ina mabati mawili, la nje na la ndani lililo upande wa tairi, yaliyoshikana kwenye ukingo kwa alama ndogo ndogo za kuchomelea. Ukikata ukingo ule umeyaachanisha, na umefungua pango. Fenda ya faiba italifunika, na hakuna mteja atakayeliona. Hapa Dar es Salaam pango hilo ni kifo cha gari. Hewa yetu ina chumvi, Kusi inavuma kutoka baharini, tope la masika linarushwa na tairi hadi humo ndani na halikauki. Mvua chache tu, kutu inatokea kwenye rangi.

Kwa hiyo chana bati la nje vipande vyembamba, vikunje kuelekea ndani mpaka vikutane na lile la pili, kisha chomelea. Bati hili unene wake haufiki milimita moja. Ukichomelea mfululizo litajikunja kama papadi. Weka tone moja hapa, hama upande wa pili, weka jingine, acha lipoe. Ni kazi ya siku nzima kwa upande mmoja, na mtoze mteja siku nzima bila aibu. Halafu gundi ya bodi ya kuziba kwenye kila kiungo, praima ya zinki, rangi. Vipande nilivyokata viko kwenye boksi, vitakabidhiwa pamoja na gari.

Kuhusu kufunga nitasema machache. Gari lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyonyooka, springi zikiwa zimerudi, maana likiwa kwenye jeki gurudumu linaning'inia na jicho linadanganyika. Anza na tundu la juu katikati, kisha moja mbele, moja nyuma, ukibadilishana. Kila tundu lipakwe praima kabla ya skrubu. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na weka utepe wa mpira kati ya faiba na rangi. Skrubu ya alumini ikigusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi huliwa yenyewe, usiiweke.

Springi za gari hili bado ziko nje. Njooni wawili wawili: mmoja ashike usukani, mwingine apeleke mkono kwenye kona ile ya mlango. Tuanze na upande wa kushoto.