Kuipandisha Kayaki Juu ya Gari Ukiwa Peke Yako

Mhadhara kwa mafundi wa jua kali na wanafunzi wa uhandisi, Kisumu

Hamjambo nyote. Nawashukuru mafundi mliofunga karakana mapema mkaja, maana najua siku ya kazi ikikatizwa mfuko ndio unaoumia. Karibuni pia vijana wa chuo, na ndugu zetu wa Dunga mnaotembeza wageni ziwani.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kutengeneza kifaa cha bei nafuu cha kumsaidia mtu kupandisha kayaki, ile mashua ndogo nyembamba ya kupiga kasia, juu ya paa la gari. Kuna atakayesema hilo ni jambo la matajiri. Huyo naomba alitazame ziwa letu. Gugu maji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ni vigumu kuuamini ufuo wowote wa ghuba hii kwa wiki nzima. Upepo ukivuma usiku, Dunga inaamka imezibwa kijani kitupu ilhali Usoma maji ni meupe; baada ya siku mbili mambo yamegeuka. Mwenye kayaki, awe anafundisha watoto kupiga kasia, anapeleka wageni kuangalia ndege kwenye mafunjo au anavua kwa ndoano, hana budi kuyafuata maji yalipo wazi. Hapo anahitaji gari, na juu ya gari anahitaji keria, yaani vyuma vya kubebea mzigo vinavyokatiza paa, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kazi hukwama papo hapo, hasa kwa dada aliye peke yake ufuoni saa kumi na mbili asubuhi, hana wa kumshikia. Mimi nataka kifaa hiki kiundwe kwa ajili yake. Akiweza yeye, sisi wengine hatuna kisingizio.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja huwa na urefu wa mita 3 hadi 4 na ushee, na uzito wa kilo 20 hadi 35. Zile pana za kuvulia samaki hupita hapo. Leo nitatumia kayaki ya mita 4 na kilo 30 ili hesabu zetu zikae sawa. Paa la gari dogo kama Probox liko kama mita 1.5 kutoka chini, na ukiweka keria unaongeza kidogo. Sasa, HSE, idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini, ina mwongozo wa kubeba mizigo kwa mikono. Karibu na kiuno, mwongozo huo unaweka kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke. Juu ya bega unashuka hadi kilo 10 na kilo 7, hata mzigo ukiwa karibu na mwili. Pimeni wenyewe: kilo 30 juu ya bega ni mara tatu ya kiwango cha mwanamume, na kwa mwanamke ni zaidi ya mara nne. Mtu akifanya hivyo kila asubuhi, mgongo utamdai.

Ng'ambo tatizo hili wamelimaliza kwa pesa. Kampuni ya Thule ya Uswidi inauza kifaa kinachoitwa Hullavator. Kinashuka ubavuni mwa gari hadi usawa wa kiuno, unaweka chombo, kisha springi za gesi zinakusaidia kukipandisha, zikikupunguzia takriban kilo 18. Ni uhandisi mzuri na ninauheshimu. Lakini bei yake ni mamia ya dola kabla hujalipia usafiri na ushuru, na springi ya gesi ikichoka si kitu cha kupeleka sokoni Kibuye kijazwe. Najua kuna kijana humu ndani ameshaanza kufikiria springi za buti za magari yaliyovunjwa. Tafadhali, hapana. Nguvu iliyobaki ndani yake huijui, na ikiachia ghafla mkono wako ndio uko njiani.

Fikirieni mama aliyeenda kuteka maji na hana wa kumtwisha. Hauinui mtungi kutoka ardhini hadi kichwani kwa mpigo mmoja. Anauweka kwanza juu ya jiwe, kutoka kwenye jiwe anauleta gotini, kisha anajitwika. Uzito wa maji haujapungua hata tone, lakini kila hatua imekuwa ndogo. Kifaa chetu kiwe hilo jiwe. Mkianza kubuni mashine ya kuinua kilo 30, gharama zitawakimbia kabla hamjafika nusu. Mkibuni mahali pa kupumzishia ncha moja ya kayaki wakati mtu anashughulikia ncha ya pili, mtamaliza na bomba moja na nusu.

Kwa nini ncha moja? Kayaki ikiwa chini nawe ukainua ncha moja, ile nyingine ikibaki ardhini, unabeba nusu tu, kilo 15. Na nusu hiyo haiongezeki njiani. Ukiinua wima, chombo kiwe kimelala au kimeinama nusu, ni kilo 15 zilezile. Nusu ya pili imebebwa na ardhi, na ardhi haichoki.

Njia ya kwanza ya kutumia ukweli huo ni ya nyuma ya gari. Unaweka rola kwenye ukingo wa nyuma wa paa: nondo ya chuma iliyopitishwa ndani ya bomba la plastiki la maji taka la inchi 3, basi. Unalaza pua ya kayaki juu ya rola, unaenda mkiani, unainua na kusukuma. Mwanzoni mikono inabeba kilo 15. Mita 1 ikishavuka rola, unabeba kilo 10. Ikivuka mita 1.5, zimebaki kilo 6, na katikati ya chombo ikifika juu ya rola hubebi chochote, kinajilaza chenyewe kwenye keria ya mbele. Kwa Probox au Noah, ambazo mgongo wake umesimama wima, siwezi kuwatafutia njia rahisi zaidi ya hii. Kwa gari lenye buti linalotokeza nyuma haifai, maana keria iko mbali na mkia na tumbo la kayaki litakwaruza buti lote.

Hayo magari mengine ndiyo yaliyonifanya nikae sana na njia ya pili, ya ubavuni. Hapa nitakaa kidogo.

Keria ya mbele inatengenezwa kwa bomba la mraba la milimita 30, na ndani yake linapita bomba la milimita 25 linaloweza kuvutwa nje kama droo. Tuliite mkono. Unauvuta mkono sentimita 60 nje ya gari, unainua pua ya kayaki na kuiegemeza pale. Unaenda nyuma, unainua mkia na kuuzungusha hadi juu ya keria ya nyuma. Unarudi mbele, unaisogeza pua ndani, unausukuma mkono urudi mahali pake. Hakuna hatua hata moja uliyobeba chombo kizima.

Je, bomba litastahimili? Wanafunzi, andikeni. Kilo 15 kwenye ncha ya sentimita 60 zinaleta mkazo wa takriban megapaskali 85 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) kwenye bomba la milimita 25 la geji 16, yaani lenye unene wa kama milimita 1.5. Chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye takriban 250. Tuna nafasi ya karibu mara tatu, na tunaihitaji, kwa sababu mtu aliyechoka haweki chombo polepole, anakibwaga.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni kipande kinachobaki ndani. Mkono ukilemewa nje, ncha yake ya ndani inasukuma juu kama mizani. Ukibakiza sentimita 30 ndani, ncha hiyo inasukuma kwa nguvu ya kilo 30. Ukibakiza 15 kwa kubana chuma, inasukuma kwa kilo 60, na bomba la nje litafunguka mdomo taratibu. Kwa hiyo mkono ukatwe sentimita 90, na kizuizi kichomelewe ili usivutike kupita 60. Na keria yenyewe ishikwe kwa vibano vya bolti pande zote mbili, kwa kuwa upande wa pili nao unataka kunyanyuka. Keria iliyofungwa kwa kamba au waya isitumike kwa jambo hili kabisa.

Halafu kuna lile fundi analolijua na mchoro haulijui: mshono ulio ndani ya bomba. Bomba la mraba limekunjwa na kuunganishwa kiwandani, na ndani huwa na mstari ulioinuka kidogo. Chukueni lile la milimita 30 lenye unene wa milimita 2, nafasi inayobaki ndani ni milimita 26, yaani mkono una milimita 1 tu ya kupumua. Mshono huo utaukwamisha. Pigeni tupa ndani hadi sentimita 30 kutoka mdomoni, au geuzeni bomba ili mshono ukae ubavuni na mchonge mfereji mdogo kwenye mkono. Kisha girisi. Ziba ncha zote kwa vifuniko vya plastiki, maana unyevu wa ziwa huu hauchezi na chuma, na kutu ya ndani haionekani mpaka mkono umegoma.

Narudi kwa yule dada. Mwongozo ulisema kilo 7 juu ya bega, nasi bado tunampa 15. Hatujamaliza kazi. Mabaharia wa majahazi kule Lamu hupandisha foromali, ule mti unaoshika tanga, na tanga lake kwa kapi na kamba, nasi tutaazima kwao. Fungeni kapi moja kwenye ncha ya mkono, nyingine kwenye mshipi wa pua ya kayaki. Kamba ianzie kwenye mkono, ishuke kwenye kapi ya kayaki, ipande kwenye kapi ya mkono, ishuke mkononi mwake. Sasa anavuta kilo 7 na nusu na msuguano kidogo, tena anavuta kuelekea chini, uzito wa mwili wake ukimsaidia. Pua ikifika juu anafunga kamba kwenye kishikio.

Lakini angalieni hapa, kwa sababu watu wengi hudhani kapi hupunguza mzigo kila mahali. Mkono wa chuma sasa umebeba zile kilo 15 pamoja na kilo 7 na nusu anazovuta dada: jumla 22 na nusu. Mkazo unapanda hadi karibu 130. Bomba la geji 16 bado litashika, ila ile nafasi tuliyojivunia imepungua hadi mara mbili. Anayetaka kapi atumie geji 14, ambayo ni nene zaidi na inarudisha mkazo kwenye 100 hivi. Tofauti ya uzito wa chuma kwenye kipande cha sentimita 90 ni ndogo sana, msibane hapo.

Kabla hamjauza kifaa hata kimoja, kijaribuni kwa maji. Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20 na zaidi. Ning'inizeni mitungi miwili kwenye ncha ya mkono, iache ilale hapo usiku kucha, asubuhi iondoeni na mlaze uzi kwenye bomba. Likiwa limebaki na mpindo, hata wa milimita 2, halifai kwa mtu. Nasisitiza kwa sababu kinachoanguka hapa kinaangukia kichwa.

Kufunga nitapita haraka. Mahali pa kuteleza wekeni plastiki au zulia kuukuu, mahali pa kutulia wekeni mpira wa tyubu. Ila msifunge kayaki kwa mpira wa tyubu kama mnavyofunga mzigo wa baiskeli. Mpira unavutika, na mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya upepo haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Tumieni mikanda ya kufungia mizigo, miwili juu, na kamba puani na mkiani. Msikaze kupita kiasi juani, plastiki ya kayaki hulegea kwa joto na kubonyea. Na someni kitabu cha gari: magari mengi madogo huruhusu paani kilo 50 hadi 75, keria ikiwemo.

Mzee wa Dunga ameuliza kama mtumbwi wa mbao wa wavuvi nao unaweza kupanda. Hapana, mzee wangu. Ule una uzito wa mamia ya kilo, paa halitauvumilia. Huo ni wa trela, na trela ya mkono ni somo la siku nyingine ambalo nitalifurahia.

Dada pale nyuma ameuliza: je, mtu akisahau kuurudisha mkono ndani akaondoka? Swali hili lazima lijibiwe kwenye chuma chenyewe, tusimwachie dereva akumbuke. Mkono ulio nje sentimita 60 uko usawa wa uso wa mwendesha boda boda na abiria wake. Basi chukueni kipande cha nondo ya milimita 6, mkikunje ndoano, mkichomelee kwenye ncha ya mkono. Kanuni ya kifaa iwe kwamba ufunguo wa gari unaning'inizwa kwenye ndoano hiyo kabla mkono haujavutwa, na hautoki pale mpaka kayaki imefungwa na mkono umerudi. Chomeleeni ndoano kabla ya kupaka rangi, na muipake nyekundu.