Nani Kakupangia Skrini ya Kwanza?

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu, habari za asubuhi mama zangu, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya karibu na soketi, mambo vipi? Asanteni kwa kuacha meza zenu pale sokoni Mwaloni mkaja kunisikiliza. Asubuhi ya dagaa najua haina subira, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie lancha. Kuna watakaosema hawajawahi kuwa nayo. Unayo. Kwenye simu yoyote ya Android, ukibonyeza kitufe cha katikati au ukivuta kidole kutoka chini, unarudi mahali: kuna picha uliyoweka, kuna ikoni ya WhatsApp, kuna saa. Mahali hapo ndiyo lancha, nayo ni programu kama programu nyingine. Kazi yake ni kukupokea na kukufungulia zile nyingine, na Android tangu ilipotoka mwaka 2008 imeruhusu uitoe uweke ya kwako. Wenye iPhone mnivumilie, Apple hairuhusu. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024 mnaweza walau kuhamisha ikoni mpaka pale mnapopataka, basi. Mnaweza kusinzia kidogo. (Kicheko.)

Sasa, hiyo skrini ya kwanza, nani kakupangia? Chukua simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa mjini. Umeitoa kwenye boksi, hujagusa kitu, unakuta folda imeshajaa. Ndani yake kuna michezo ambayo wala haijapakuliwa. Ni vipicha tu vimewekwa, na mtoto akigusa kimoja, bando lako ndilo linaloondoka. Vuta skrini kulia, unapokelewa na habari za mastaa na uvumi wa usajili wa Ulaya. Nafasi ile inauzwa, jamani. Simu umelipia wewe, lakini ukuta wa sebuleni kakodishiwa mtu mwingine.

Ndiyo maana sianzi na majina ya lancha. Naanza na mkono wako.

Juzi nilikaa na mama mmoja muuza dagaa huku chini, nikamwomba afanye kazi zake nami nitazame tu kidole. Mteja kampigia, anataka magunia, mama anataka kuona kama malipo yameingia. Akawasha skrini. Akapitisha ukurasa wa kwanza, akapitisha wa pili, akafungua kibao cha namba, akaandika *150*00# ya M-Pesa tarakimu kwa tarakimu, na kidole chenye chumvi na unyevu kikakosea nyota ya pili. Akafuta, akaanza upya. Mteja bado yuko kwenye laini nyingine anamngoja. Baada ya hapo akatafuta kikokotoo, kumbe kiko ndani ya folda inayoitwa Zana, chini ya dira. Dira! Mama yule hajawahi kuhitaji dira maishani mwake, anajua Ukerewe iko wapi. (Kicheko.)

Vitu alivyotumia ni simu, menyu ya pesa, kikokotoo, WhatsApp na kamera ya kupigia picha mzigo. Alfajiri anaongeza tochi. Simu yake ina programu nyingi mno kuliko hizo, na zote zinagombania macho yake kwa usawa.

Tulichofanya hakikuhitaji lancha mpya hata kidogo. Hifadhi *150*00# kama jina kwenye orodha ya namba zako, iite Pesa. Kisha gusa kwa muda mrefu sehemu tupu ya skrini, ingia kwenye wijeti, yaani vile vidude vya kubandika kwenye skrini, tafuta ile ya kupiga moja kwa moja iliyo chini ya anwani, chagua Pesa, iweke chini kabisa pale kidole gumba kinapofika. Mguso mmoja, menyu inakuja. Simu nyingi zinakubali, chache hukataa alama ya reli (#), na wenye mitandao mingine wataweka namba ya kwao. Folda za matangazo tukafuta. Ukurasa wa habari wa pembeni tukauzima, maana huo unakula data hata kama husomi. Ikoni tukazikuza.

Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi mmekuja hapa kutafuta jina la lancha kali. Kwa nusu ya watu waliomo humu ndani, jibu langu ni: usibadilishe, safisha.

Hasa wenye simu za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti mbili kushuka chini. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa. Ukiweka lancha mpya, ile ya kiwandani haiondoki. Tangu Android 9, ile orodha ya programu ulizofungua karibuni, ile unayofutafuta kwa kidole, kwenye simu nyingi imeunganishwa na lancha ya kiwandani. Kwa hiyo ya zamani inabaki inafanya kazi yake nyuma ya pazia na mpya inakaa mbele, zote zinakula kumbukumbu ileile ndogo. Unatoka WhatsApp, unarudi mwanzo, skrini tupu, halafu ikoni zinachomoza mojamoja. Hiyo ni lancha yako iliyouawa na simu ili ipate nafasi, sasa inaamka upya. Hakuna mpangilio mzuri unaolipa usumbufu huo.

Kuna tatizo la pili la ukoo huohuo. Android 10 ya mwaka 2019 ilileta namna ya kuendesha simu kwa kuvuta kidole kutoka kingo za skrini bila vitufe. Ukitumia lancha ya nje pamoja na njia hiyo, baadhi ya simu zinakwamakwama unaporudi mwanzo, na chapa nyingine zimewahi kukunyima kabisa hiyo njia mpaka urudishe lancha yao. Ukikutana nalo, rudisha vitufe vitatu vya chini. Kwa mikono yenye maji vitufe ni bora hata hivyo.

Haya, mwenye simu yenye nguvu na sababu ya kweli, twende. Mimi nazigawa kwa tabia. Kuna Nova, ya mtu anayetaka kupanga kila kitu mwenyewe: ukubwa wa ikoni, idadi ya safu, kidole kikivutwa chini kifungue nini. Kuna Niagara, inayokupa orodha moja iliyonyooka kwa alfabeti upande wa kidole gumba. Kwa mtu wa bodaboda anayetumia mkono mmoja simu ikiwa kwenye kishikio, sijaona iliyo nzuri kuishinda. KISS ni ndogo kuliko picha moja ya kamera yako, ina kisanduku cha kutafutia tu, unaandika herufi mbili kitu kinakuja. Olauncher imetupa ikoni zote, inabaki na majina yaliyoandikwa. Lawnchair imejengwa juu ya msimbo wa wazi wa Android yenyewe. Hizi tatu za mwisho msimbo wake uko hadharani, yeyote anayejua kusoma programu anaweza kuukagua.

Neno kwa wapenzi wa skrini nyeusi. Mnaambiana nyeusi inaokoa chaji. Inaokoa kwenye kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta inajiwashia taa yake, nyeusi ikiwa nukta iliyozimwa. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha LCD, taa yake ya nyuma inawaka yote upende usipende. Halafu ninyi mnafanya kazi juani, pembeni ya vichanja vya dagaa. Maandishi membamba meupe juu ya weusi saa saba mchana utayasoma na nani? Weka nyeupe, herufi nene.

Sasa ruhusa, na hapa nitakaa kidogo. Lancha ni mlinzi wa getini: anajua nyumba ina vyumba vingapi na unaingia kipi saa ngapi. Ili ifanye kazi lazima ione orodha ya programu zako, hilo halikwepeki. Lakini haihitaji kusoma meseji zako. Haihitaji maikrofoni. Ikitaka kuonyesha tarakimu nyekundu za meseji ambazo hujasoma, inaweza kuomba kusoma arifa. Fikiri kabla ya kukubali, maana arifa ndimo zinamopita namba za siri za muda za benki na ujumbe wa pesa. Ikitaka ukigusa mara mbili skrini izime, inaweza kuomba huduma za ufikivu. Huo ni ufunguo mkubwa, ulitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu kama wasioona, na programu ikipewa inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini na hata kukubonyezea. Kitufe cha pembeni kinazima skrini vizuri tu.

Na ukubali kwamba mlinzi hubadilishiwa bosi. Nova hii niliyoisifu ilijengwa na Kevin Barry na kampuni yake ndogo, TeslaCoil, ikapendwa dunia nzima kwa miaka. Mwaka 2022 ikauzwa kwa Branch, kampuni ya Marekani ya kupima matangazo na linki za programu. Mwaka 2024 Branch ikapunguza watu, akabaki Barry peke yake kwenye kazi ile. Mwaka 2025 naye akaondoka. Programu haikuzimika kwenye simu za watu, lakini aliyeichagua kwa kumwamini mtu, mtu huyo hayupo tena kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo kila ikija sasisho kubwa, fungua ukurasa wa ruhusa, tazama kama kimeongezeka kitu. Na msiokote lancha nje ya Play Store kwa kutumiwa faili kwenye kundi la WhatsApp. Hata Play Store yenyewe si malaika. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 humo kwa matangazo ya kero, yale yanayokurukia hata ukiwa hutumii programu husika.

Kujaribu hakuna hatari. Ukishaipakua, bonyeza kitufe cha mwanzo, baadhi ya simu zitauliza utumie ipi. Kwanza chagua jibu la "mara moja tu", ukiridhika uiruhusu moja kwa moja. Kaa nayo wiki ya kazi. Ikikushinda, iondoe, ile ya kiwandani inarudi yenyewe na mpangilio wako wa awali.

Ndiyo, mama, uliza.

Mama anauliza simu ya baba yake aliyeko kijijini, macho hayaoni vizuri. Kama ni Samsung, mipangilio ina hali rahisi, iwashe, ikoni zinakuwa kubwa, humhitaji fundi. Kama si Samsung, kuna BIG Launcher, vitufe vikubwa vichache. Muwekee picha za sura za watoto wake kama njia ya mkato ya kupiga. Lakini mama, usimbadilishie ukiwa unaondoka kesho yake. Kaa naye, mwache apige mwenyewe mbele yako.

Kijana wa nyuma. Anauliza, akiificha programu ya pesa kwenye lancha, mdogo wake hataiona? Hataiona kwenye skrini. Ataiona kwenye mipangilio, ataiona Play Store, na akiweka lancha nyingine itajitokeza yote hadharani. Kuficha hakufungi mlango. Funga kwanza programu yenyewe kwa alama ya kidole, badilisha namba ya siri ambayo dogo ameshaichungulia, halafu ukipenda uifiche.