Mbunge Aliyechaguliwa Mara Tatu Ndipo Akaapishwa

Waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkaona heri kusimama, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nimzungumzie marehemu aliyetumikia umma katika bunge la jimbo. Nimemchagua Julian Bond wa Georgia, Marekani, aliyefariki tarehe 15 Agosti 2015 akiwa na umri wa miaka 75.

Wengi wanamkumbuka kwa harakati, na wana haki. Mwaka 1960, akisoma chuo cha Morehouse mjini Atlanta, alikuwa mmoja wa vijana walioianzisha SNCC, kamati ya wanafunzi waliokuwa wakiingia kwenye migahawa ya Wazungu, wakaketi, wakakataa kuondoka. Yeye ndiye aliyekuwa akiisemea kwa waandishi wa habari. Mimi leo nataka tumtazame kama mwakilishi, kwa sababu kisa chake kinawahusu zaidi waliompigia kura kuliko yeye mwenyewe.

Mahakama zilikuwa zimeilazimisha Georgia ichore upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi, ili kura ya mtu wa mjini iwe na uzito sawa na ya mtu wa shamba. Hapo ndipo mitaa ya watu weusi wa Atlanta ilipopata viti. Juni 1965 Bond, kijana wa miaka 25, akapita nyumba kwa nyumba. Aliwaahidi kupigania kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa na kufutwa kwa adhabu ya kifo. Wakamchagua.

Januari 3, 1966, kabla hajaapishwa, Sammy Younge, kijana mweusi aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini, alipigwa risasi akafa huko Tuskegee, Alabama. Ugomvi ulianzia kwenye choo cha kituo cha mafuta, choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam: vipi taifa lipeleke vijana kupigania uhuru wa wengine ng'ambo, na hawa wanauawa nyumbani? Bond hakuliandika tamko lile. Mwandishi wa habari alimuuliza kama analiunga mkono, akajibu kwamba analiunga mkono.

Januari 10 alifika bungeni tayari kula kiapo. Akaambiwa asogee pembeni, wenzake wakaapishwa. Kisha ikapigwa kura: 184 wakamkataa, 12 tu wakasimama naye. Walidai kwamba mtu mwenye maneno yale hawezi kuapa kwa moyo safi kuilinda katiba. Tazameni hatari iliyomo humo, ndugu zangu. Kiapo alikuwa tayari kukila. Wao walitaka kuupima moyo wake.

Kiti kikatangazwa wazi. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari, wapiga kura wakamrudisha. Bado akazuiwa. Novemba wakamchagua kwa mara ya tatu. Mimi nikisoma habari hii, heshima yangu ya kwanza inawaendea wapiga kura hao, watu wa mishahara midogo walioambiwa na bunge zima kwamba wamekosea kuchagua, wakajibu kwa karatasi ya kura. Karibu mwaka mzima sheria zilitungwa, kodi zikapangwa, na wao hawana mtu ndani.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba bunge lilivunja katiba. Georgia ilikuwa imejitetea kuwa mbunge anaweza kubanwa kauli kuliko raia wa kawaida. Majaji wakakataa: mwakilishi anastahili nafasi pana kabisa ya kusema, maana wananchi watamjuaje wasiposikia msimamo wake? Januari 1967 akaapishwa.

Alikaa miaka ishirini, kwanza Baraza la Wawakilishi, halafu Seneti ya jimbo kuanzia 1975. Kazi ya huko haina fahari: kamati, miswada, mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipigania eneo moja la Atlanta la kumpeleka mbunge Washington lichorwe watu weusi wakiwa wengi. Bunge likakataa mpango wake, mahakama ikaona ubaguzi, mipaka ikachorwa upya. Mwaka 1986 akakigombea kiti hicho, akashindwa na John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC. Nadhani kilimuuma sana. Lakini wakazi wa eneo lile walikuwa wamepata sauti waliyonyimwa, na kwa sehemu kubwa ni kwa jasho lake.

Baadaye alifundisha historia chuo kikuu, na kuanzia 1998 hadi 2010 aliiongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi nchini humo.

Vijana wa sheria, hukumu yenyewe inaitwa Bond v. Floyd. Someni hasa pale majaji wanapozungumzia kiapo, kisha mniambie kanuni za mabaraza yetu zingemlinda vipi diwani wa namna hiyo. Tuanzie hapo maswali; mama wa mstari wa pili, karibu.