Jana Ulikula Nini?

Mwangaluka! Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wanafunzi mliojibana kule mlangoni, sogeeni mbele, leo hakuna mtihani.

Nimeombwa nizungumzie miaka yangu ya kutibu wagonjwa wa saratani na habari ya chakula chao. Niseme mapema kwamba sikuja na juisi ya kuponya saratani. Kila nikimaliza mhadhara kama huu, lazima mtu anifuate nje, anishike mkono, aninong'oneze: "Daktari, hebu niambie, ni majani gani hasa?" Mwaka 2011 baadhi ya wagonjwa wangu walipanda magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Waliporudi, uvimbe ulikuwa umekua na tarehe zao za dawa zimepita. Siwacheki. Mfa maji haishi kutapatapa, nami sikuwa nimewapa cha kushika. Nilikuwa nawaandikia dawa tu, basi.

Chakula hakiponyi saratani. Hilo liandikeni kwanza, ndipo tuendelee.

Aliyenifundisha kuuliza maswali sikuwahi kukutana naye. Mnaofanya kazi wodi ya watoto mnalitaja jina lake kila wiki, kwa ile saratani ya watoto inayovimbisha taya: Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja. La pili alilipoteza akiwa na miaka 11. Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Haikupita muda, akiwa hospitali ya Jinja, hapo ziwa letu Victoria linapoutoa mto Nile, akachungulia dirishani akamwona binti mdogo mwenye uso uleule. Wengi wetu tungesikitika, tukaandika kwenye faili, tukaenda kunywa chai. Yeye akauliza: watoto hawa wanatoka wapi?

Akatuma karatasi za maswali kwenye hospitali za Afrika. Oktoba 1961 akapanda gari la mtumba na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashuka kusini wakipitia Tanganyika. Wiki 10, kilomita 16,000 hivi, hospitali 57. Jibu likajichora kwenye ramani: ugonjwa ulikaa kwenye joto na mvua, kulekule malaria inakokaa. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo tunajua kirusi hicho na malaria hushirikiana.

Aliporudi Uingereza alilihamishia swali lake chooni. Mnacheka, lakini huyu bwana alipima choo kwenye mizani! Mwaka 1971 aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu vijijini Afrika kwa sababu watu wanakula vyakula vyenye makapi, yaani nyuzinyuzi, choo kinakuwa kikubwa na hakikai tumboni. Alizidisha kidogo, karibu kila ugonjwa wa Wazungu aliusukumia ukosefu wa makapi. Ila nafaka isiyokobolewa imeendelea kuonekana kuwa kinga. Na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likaongeza kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa kwa siku, yaani soseji moja hivi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Bibi zetu wa Usukumani walikula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na ugali wa mtama. Sisi tumehamia sembe nyeupe na chipsi, halafu tunauliza tumelogwa na nani.

Ya kinga yatoshe. Mimi kazi yangu imekuwa kwa waliokwisha kuugua, hasa saratani ya koo la chakula, ambayo ukanda wetu huu wa mashariki ya Afrika unaijua sana. Mgonjwa wa koo haji kwako na maumivu. Anakuja amekonda. Kwanza nyama inakwama, kisha ugali, kisha wali, mwisho anabaki na uji, na uji wenyewe unazidi kuwa mwepesi kila wiki.

Sasa niseme kosa langu. Nilikuwa kijana, hospitali sitaitaja. Tulimpokea mama mmoja ambaye kwa wiki tatu alikuwa akimeza maji na chai tu. Tukamwekea mrija wa tumboni, nami nikaamuru kwa furaha: mpeni chakula kamili kuanzia leo. Maziwa, mayai, uji mzito, mafuta. Ndugu zake walinishukuru. Siku ya nne moyo ulisimama.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huishiwa madini ya fosfati na potasiamu. Ukiumwagia chakula ghafla, homoni ya insulini inapanda na kuyasukuma hata yale machache yaliyobaki kwenye damu yaingie ndani ya seli, na moyo unakosa cha kufanyia kazi. Mama yule hakuuawa na saratani. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma lishe kwa bidii. Kabla ya hapo nilidhani ni kazi ya jikoni.

Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo namwanzia thiamini, yaani vitamini B1, kisha kalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, aliyedhoofu kupita kiasi 5, tunapanda taratibu huku tukipima damu. Lengo letu la mwisho ni kalori 25 hadi 30 kwa kilo, na protini gramu 1.2 hadi 1.5.

Protini hiyo msiitafute kwenye makopo ya bei mbaya. Nendeni mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mkanunue dagaa. Toa vichwa, osha maji matatu, manne, mpaka mchanga uishe kabisa chini ya beseni, maana mchanga ukibaki mgonjwa atakutemea. Anika, kaanga bila mafuta hadi wavunjike vidoleni, twanga, chekecha kwa chujio la chai. Kijiko kimoja kwenye uji, na kingine cha karanga zilizosagwa, zisizo na ukungu.

Mzee mmoja wa Ukerewe aliletwa na binti yake, kilo 41, dawa zake zimeahirishwa mara mbili kwa udhaifu.

"Mzee wangu, jana ulikula nini?"

"Uji, daktari."

"Uji wa nini?"

Akamtazama binti yake. "Wa maji."

Tukamfundisha binti habari ya dagaa. Baada ya wiki sita mzani ukasoma 44, akapata dawa yake. Aliishi mwaka mmoja na zaidi kidogo, akafia nyumbani kwake. Mara ya mwisho nilipomuuliza swali langu alichoka nami: "Daktari, kwani wewe kwenu hawapiki? Mchuzi wa sato!"

Haya, maswali. Na yule wa majani aulize hapahapa, asinisubiri nje.