Redio inazima ukibonyeza maiki? Anza na waya wa pawa

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Redio ya mawasiliano, hii ya kupokea na kutuma, inapokea freshi kabisa, skrini inawaka, ukibonyeza maiki tu inazima, na wa kwanza kulaumiwa ni redio yenyewe, mtu anafungua mfuniko anaanza kuchokonoa ndani, kumbe shida iko kwenye waya wa pawa.

Angalieni hesabu. Redio ya wati 100 ikipokea inakula ampia 1 au 2 hivi, ikituma inaruka mpaka 20 na ushee. Sasa plagi imelegea au imeota kutu, ina omu 0.1 tu, kwa ampia 20 hapo volti 2 zimeshaliwa, zile volti 13.8 za pawa yako zinafika kwenye redio 11.8, na redio nyingi zikifika hapo zinaanza kususa. Hizo volti 2 hazijaenda hewani, ni wati 40 za joto palepale kwenye plagi, ndo maana plastiki inayeyuka.

Kwa hiyo msihangaike kupima omu, mita ya kawaida itawadanganya, nyaya zake zenyewe zinaweza kuwa na omu zaidi ya hiyo. Weka mita kwenye volti za DC, funga dami lodi, yaani kile kifaa kinachomeza nguvu ya redio isiende hewani, badala ya antena, tuma kwa FM, halafu ncha moja gusa upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili. Kiungo kizima kinasoma milivolti chache, ukiona nusu volti umemshika mwizi. Mimi huwa naanza na kishikio cha fyuzi, yaani hicho ndo mkorofi namba moja, vibano vyake vikishapata joto vinalegea, vikilegea vinapata joto zaidi. Usikisugue, badilisha. Na fyuzi usiruke kwa kipande cha waya, tafadhali.

Nani kauliza kama waya tuuunge kwa risasi ya kulehemu au tuubane? Eeh, swali zuri. Mi nabana waya kwenye kiungo kwa koleo lake la kubania, siyo plaizi, halafu navuta kwa nguvu, ikichomoka bora ichomoke mkononi mwangu. Risasi ukiimwaga nyingi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama kijiti, na kwenye gari linalotikisika unakatikia palepale risasi ilipoishia, ndani ya ganda, kwa nje huoni kitu.