Diski Haionekani na Nani? Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Seva za Nyumbani, Chake Chake

Asalaam alaykum, mabibi na mabwana. Nawashukuru kwa kuitika wito, hasa nyinyi mliotoka Wete na Mkoani.

Watu wenye seva ndogo majumbani, zile za kuhifadhia picha za harusi, darsa za msikitini na kanda za taarab zilizogeuzwa kuwa mafaili, huja kwa fundi na maneno mawili tu: diski haionekani. Swali la kwanza la fundi liwe, haionekani na nani? Kabla diski haijafika kwenye kioo, pawa saplai huizungusha, bayosi, yaani programu ya kwanza ya kompyuta inapowashwa, huitambua, mfumo endeshi kama Windows au Linux huipa jina, na mwisho mafaili yake hufunguliwa. Kila hatua ina maradhi yake, na anayetibu bila kujua diski imepotelea hatua gani ataishia kununua mpya ilhali ya zamani ni nzima. Rai yangu ni kwamba diski nyingi zinazodhaniwa zimekufa hazina ila yoyote. Kasoro iko kwenye umeme na viungo vinavyoufikisha.

Tuanze na umeme, na hapa nitakaa sana. Washeni seva, kisha wekeni kiganja juu ya diski ya inchi 3.5. Iliyo salama hutetemeka kidogo, na sauti yake hupanda taratibu mpaka itulie. Inayogonga tak-tak-tak kwa mfululizo zimeni mara moja, kwa maana kila inapowashwa huenda vichwa vyake vikazidi kukwaruza sahani zenye data. Ile iliyo kimya kabisa, msiihukumu bado. Ulizeni kwanza imetoka wapi.

Wengi wetu hununua diski za nje za USB kwa kuwa bei yake ni nafuu, tukazivua ganda na kuzifunga ndani ya seva. Baadhi ya diski hizo hufuata toleo 3.3 la SATA, kiwango cha kuunganishia diski na kompyuta, la mwaka 2016, lililoipa pini ya tatu ya umeme kazi mpya: ikipata volti 3.3, diski hujizima. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa wakiwafikiria wenye vituo vikubwa vya data, ili diski iliyoganda izimwe na kuwashwa upya bila mtu kwenda kuichomoa. Lakini pawa saplai nyingi za kompyuta za mezani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote. Diski inatii amri, mwenyewe anasema nimeuziwa mbovu.

Dawa yake ni kipande cha teipu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu inayostahimili joto. Zimeni seva, chomoeni waya ukutani, kisha hesabuni pini 15 za umeme kwenye diski mkianzia upande uliopakana na plagi ya data. Kuilenga ya tatu peke yake kunahitaji mkono mtulivu sana, kwani pini hizo zimekaribiana mno. Ni rahisi zaidi kuzifunika tatu za mwanzo kwa pamoja, na diski hizi za inchi 3.5 hazidhuriki, kwa kuwa hufanya kazi kwa volti 5 na 12. Wako wanaotumia adapta ya Molex, plagi ya umeme ya mtindo wa zamani, ambayo haina kabisa waya wa volti 3.3. Sina ugomvi nayo, ila zile ambazo nyaya zake zimemiminiwa plastiki pamoja na plagi ziacheni dukani, maana zimejulikana kwa kupiga shoti na kuungua.

Umeme una hesabu nyingine. Diski moja ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huhitaji takriban ampia 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, ingawa zikishatulia nyingi hazifiki wati 10. Diski sita zikiamka pamoja zinataka wati 144 kwa sekunde chache, na kama zote zimeninginia kwenye waya mmoja uliogawanywa mara mbili au tatu, ile ya mwisho huamka kwa shida au haiamki. Hii ndiyo sababu malalamiko huja kwa wingi umeme unaporudi baada ya kukatika. Tangu kebo ya baharini kutoka Tanga ituunganishe na bara mwaka 2010 hali yetu Pemba imekuwa afadhali kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini kukatika hakujaisha, na UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, kwa mwenye seva si anasa. Kupima ni rahisi: acheni diski moja tu. Ikionekana ikiwa peke yake na kupotea ikiwa na wenzake, kosa si lake.

Sasa chumvi. Nyumba iliyo karibu na bahari, yenye madirisha wazi wakati wa kusi, huvuta ndani unyevu wenye chumvi. Chomoeni plagi mtazame mabati yake kwa tochi: yakiwa yamefifia au yana alama za kijani, yasafisheni kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, yaacheni yakauke kabisa, kisha chomekeni. Kebo ya data yenye mguso hafifu huifanya diski ionekane asubuhi na kutoweka jioni. Amri ya smartctl, inayosoma rekodi za afya ya diski, itawaonyesha kipengele namba 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano. Namba hiyo ikizidi kupanda, badilisheni kebo kabla ya diski. Zikipanda namba 5 na 197, zinazohesabu sehemu za sahani zilizoharibika au zinazoshukiwa, hapo sahani zenyewe ndizo zinazougua, na kazi ya kwanza ni kunakili data.

Kwenye bayosi sitakawia. Madabodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale nafasi ya M.2, ile ya diski nyembamba zisizo na sahani, inapojazwa, basi hamisheni kebo kwenye tundu jingine. Na diski za SAS, aina ya seva kubwa, zilizotumika maofisini, zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha, hazifanyi kazi kwenye tundu la SATA. Zinahitaji kontrola yake, yaani kadi ya kuziendesha.

Limebaki la diski inayoonekana kwenye lsblk, amri ya Linux inayoorodhesha diski, kwa ukubwa wake kamili, lakini mfumo unasema ni tupu. Hapa ndipo data za watu zinapoangamizwa na mafundi wenye haraka. Baadhi ya maganda ya USB hutafsiri ukubwa wa sekta, yaani vipande ambavyo data hugawiwa, yakaionyesha kompyuta sekta za baiti 4096 badala ya 512, na mengine husimba data kwa njia fiche. Diski ikitolewa humo na kufungwa moja kwa moja kwenye SATA, jedwali la sehemu zake, linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, halisomeki, na Windows huuliza kama mnataka kuiandaa upya. Jibuni hapana. Irudisheni kwenye ganda lake la awali, lile lile na si lolote linalofanana nalo, nakilini kila kitu kwenye diski nyingine, na hapo ndipo muifute na kuiingiza kwenye seva.