Aduana, divan na diwani wetu

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena. Leo niko Málaga, kusini mwa Hispania. Jengo hili nyuma yangu ni Palacio de la Aduana, lilianza kujengwa mwaka 1791 liwe nyumba ya forodha, na siku hizi ni makumbusho. Ile ngome kule juu, Alcazaba, ni ya enzi za Waislamu.

Sasa oneni karatasi hii. Mama kanitumia kifurushi kutoka Unguja, kanga na iliki, na kabla ya kifurushi ikanifikia hii. Someni hapa juu: ADUANA. Nikaitamka kwa sauti mara mbili tatu, nikamsikia diwani humo ndani.

Na kweli ndiye! Waislamu waliingia nchi hii mwaka 711. Málaga ikatekwa na wafalme Wakatoliki mwaka 1487, lakini maneno yakabaki. Kiarabu ni diwan. Ukitanguliza al, ile l humezwa na d, unasikia ad-diwan. Wahispania wakalibeba zima zima.

Waarabu nao walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni daftari. Daftari tu, jamani! La majina ya askari na posho zao, la kodi na mapato. Ofisi yenye daftari ikaitwa hivyo, na baraza la wakubwa pia. Bandarini, penye daftari la ushuru, ndiyo aduana. Mshairi naye akikusanya tungo zake pamoja, ni diwani. Mimi shuleni nilidhani diwani wa kata na diwani ya mashairi yamegongana kwa bahati. Kumbe ndugu wa tumbo moja!

Waingereza wana divan, kutoka kwa Waturuki. Mwanzo lilikuwa baraza la sultani, kisha likawa kile kiti kirefu cha ukutani wanachokalia wakubwa. Leo dukani Uingereza ukiulizia divan unaoneshwa kitanda. Msishangae. Sisi Mji Mkongwe tunakaa jioni kwenye baraza ya mawe mlangoni, kahawa mkononi, na serikalini kuna Baraza la Mawaziri. Neno moja, kikao na mahali pa kukalia.

Na nyinyi wa Goma na Bukavu, mnaosema duane mpakani: hilo limepitia kwa Wafaransa, douane yao, lakini ni diwani yule yule. Niandikieni hapo chini, kwenu linatamkwaje hasa?